Ufunguo Mfukoni mwa Elinami

Mume wangu ni mtu wa Nkoaranga, na mtu wa Nkoaranga ukimwambia jambo mara tatu anahesabu kwamba hujaanza kusema. Nalijua hilo kwa miaka ishirini na tisa. Nilitoka Kibosho nikiwa Mkatoliki mwenye rozari mbili, nikaolewa kwa Walutheri, nikajifunza nyimbo zao zote kabla yeye hajajifunza kuvua viatu mlangoni. Kwa hiyo msinione mkorofi nikisimulia habari zake. Nampenda. Ila kuna mwaka mmoja mzima niliishi nikiuogopa ufunguo wa gari uliokuwa mfukoni mwake.

Elinami aliendesha watalii miaka thelathini na moja. Anazijua njia za mbugani kuliko ninavyozijua droo za duka langu. Kisha presha ya macho ikamjia kimyakimya, bila maumivu, na alipokwenda kupima daktari akamwambia la kushoto limeshaondoka, tulilinde la kulia kwa dawa. Kampuni ikamuaga kwa keki na saa ya ukutani. Leseni ya kubeba abiria ikaisha muda wake, haikurudi tena. Lakini gari letu wenyewe, kuukuu la kijani, lilibaki uani Kimandolu, na ufunguo wake ulibaki mfukoni mwa Elinami kama zamani.

Sisi huku tunaendesha upande wa kushoto. Anayetembea kwa miguu, mama mwenye ndoo, mtoto anayetoka shule, wote wako kushoto. Kushoto ndiko jicho lake lilikokufa.

Jumamosi moja ya mvua tulikuwa tunapanda Nkoaranga kumwona mama mkwe. Tulipopita hospitali, pale njia inapobana kati ya migomba, nilimwona Anande, jirani yetu wa shambani, anashuka na mkungu wa ndizi kichwani. Nikadhani Elinami naye amemwona. Kioo cha pembeni kikaukamata ule mkungu, Anande akazunguka, akaangukia kwenye kahawa. Na Elinami akaendelea kuendesha. Hakuwa anakimbia, hakujua kitu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka ndipo akasimama.

Anande aliinuka mwenyewe. Kiwiko kilichubuka, kitenge kilijaa tope, na alikuwa anacheka kile kicheko cha mtu aliyeshtuka. Tulimpeleka hospitali akaangaliwa, hakuna mfupa uliovunjika. Elinami alikaa kwenye benchi la nje na kofia mikononi.

"Sikumwona," akasema.

Nilidhani kesho yake atanipa ufunguo. Hakunipa. Nikamwomba kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikamwita mchungaji, naye akaja na methali kwamba kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Elinami akamjibu, "Mchungaji, mimi sijavunjika koleo. Nimevunjika jicho." Mchungaji akanywa chai akaenda zake. Mwanetu Ephraimu alipiga simu kutoka Dodoma, "Mama, si uuchukue tu ufunguo uufiche?" Kana kwamba sikujaribu! Nilimvizia anapooga. Alikuwa ameingia nao bafuni.

Siku moja ndipo akasema lililokuwa moyoni. Tulikuwa tunachambua maharage, hata hakuniangalia. "Siku nikitoa ufunguo huu, Mama Ephraimu, mimi siyo dereva tena. Sasa nitakuwa nani?"

Nikaendelea kuchambua maharage. Na yeye aliendelea kutoka na gari, mara moja kwa wiki, mara mbili, na kila alipotoka mimi nilikaa dukani nikisubiri simu ya kuniambia ameua mtu.

Duka langu ni la vifaa vya shule na fotokopi. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Naserian, fundi wa kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa wafugaji wa upande wa magharibi wa mlima Meru. Huyu Naserian ana chumba cha nyuma chenye viti vitatu vya gari. Ndiyo, viti vya gari, kavitoa kwenye magari yaliyokufa. Mbele ya kila kiti kuna usukani, chini pedali, mbele skrini kubwa. Watu wazima na kazi zao wanakuja pale Jumamosi mchana, wanakaa, wanavaa hedifoni, wanashindana mbio za magari na watu walioko Nairobi, Kampala, Dar, kila mmoja kwake, kwa njia ya intaneti. Mimi nilikuwa nawacheka. Nilimwambia Naserian kwamba baba yake angejua ng'ombe zake wamesomesha mtu wa kuendesha gari lisilokuwepo, angeomba warudishwe.

Siku niliyomweleza habari ya ufunguo, hakucheka.

"Mlete," akasema.

"Atakataa. Atasema mchezo wa watoto."

"Mwambie nina usukani unasumbua, nataka dereva wa kweli aniambie unakosea wapi."

Huo ulikuwa uongo, na Mungu anajua niliusema kwa furaha. Elinami alivaa shati la kola. Alibeba hata bisibisi.

"Shikamoo mzee," Naserian akamwamkia.

"Marahaba. Gari liko wapi?"

Akaonyeshwa kiti. Akakaa, akasogeza kiti, akatafuta kioo cha kati ili akirekebishe, mkono ukapapasa hewani. Akatafuta mkanda. Akatafuta kijiti cha indiketa, hakipo. Gia zilikuwa vijiti viwili vifupi nyuma ya usukani. Alitazama vile vijiti kama mtu aliyepewa uma ale ugali.

Kona ya kwanza gari likazunguka, likaangalia lilikotoka. Akaanza upya, likazunguka. Mara saba. Dereva wa miaka thelathini na moja, aliyevuka mito iliyojaa akiwa na Wajerumani sita nyuma, alishindwa kona ya lami kavu. Nilitaka kucheka, lakini nilipoona shati lake la kola limelowa jasho nikaacha.

"Usukani wako mzima," akamwambia Naserian kwa hasira. "Tatizo ni kwamba makalio hayaambiwi kitu. Gari la kweli likitaka kuteleza, makalio yanajua kwanza. Hapa nimekaa kama niko kanisani."

Naserian alicheka mpaka akashika ukuta. "Hapa makalio yamestaafu, mzee wangu. Tumia jicho na sikio. Sikiliza matairi, yanalia kabla hayajaachia."

"Jicho ninalo moja."

"Wote hapa wana moja," Naserian akasema. "Mama, ziba jicho lako moja uangalie skrini."

Nikaziba. Picha ilikuwa ileile, barabara ileile.

"Kioo ni bapa," akaendelea. "Ukiwa na macho mawili au kumi, umbali unaukadiria tu kwa ukubwa wa vitu. Na mtu akiwa ubavuni kwako, kushoto au kulia, kuna mshale unawaka hapa chini kukuambia. Kwenye barabara hii huna upungufu wowote, mzee."

Elinami akaitazama skrini. Kisha akavuta kiti mbele kidogo, akasema, "Nionyeshe tena."

Naserian alimpa gari dogo dhaifu na njia moja tu, akamwambia mwezi mzima asiguse nyingine. Elinami alinung'unika kwamba kapewa baiskeli. Lakini akawa anakwenda kila siku saa nane, wateja wangu wakipungua. Breki kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Usitazame boneti, tazama unakotaka kwenda. Anayekuzidi mwendo mwachie njia, usigombane naye, wewe bado unajifunza. Haya yote niliyajua mimi pia, maana nililetewa mezani pamoja na chakula. Kijiko kilikuwa gari, bakuli la mtori lilikuwa kona. Karatasi zangu za fotokopi zilichorwa ile njia mpaka nikazifungia kabatini. Na jambo moja niliona nikalinyamazia nisije nikaliharibu: gari la kijani lilikuwa linatoka mara chache zaidi.

Ligi ya Jumamosi ilikuwa na sharti. Mgeni hasajiliwi mpaka amalize mashindano matatu mfululizo bila kumgonga mtu. Hata ukiwa wa mwisho ni sawa, mradi umalize na usiguse gari la mwenzako. Ukigonga au ukigongwa kwa kosa lako, unaanza kuhesabu upya. Elinami alilipenda sharti hilo. Alisema ndiyo leseni ya kwanza aliyoisikia inayojali adabu.

Shindano la kwanza alikuwa wa kumi na nane kati ya kumi na wanane. Kila gari lililomfikia alilipisha, na kwenye kipaza sauti akalisemesha, "Karibu, karibu, pita baba." Bwana mmoja wa Mombasa akamwuliza kama haoni kwamba haya ni mashindano. "Haraka haraka haina baraka," Elinami akamjibu, na walioko chumbani wakapiga makofi. La pili akawa wa kumi na nne. Siku hiyo alikula sahani mbili za loshoro ya mahindi na maziwa, akaimba pambio bafuni. Mimi nilisimama koridoni na taulo mkononi nikalia, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba mtu huyu huwa anaimba.

La tatu nilifunga duka mapema nikaenda kutazama.

Alikuwa anakwenda vizuri. Zilibaki raundi nne. Njia ile ina mahali inapanda kilima kidogo, huoni ng'ambo, kisha inashuka. Elinami akatokea juu, na pale chini gari jekundu la jamaa wa Kampala lilikuwa limeteleza, limekaa upande nusu barabarani nusu kwenye changarawe, tairi zinazunguka bure.

Elinami akasimama.

Nataka mwelewe. Huko mbugani, kwenye udongo mweusi wa masika, dereva hampiti dereva aliyekwama. Hata wageni wako wakilalamika kwamba simba wanaondoka, unasimama, unatoa kamba. Leo kwake, kesho kwako. Elinami amelala porini mara mbili kwa ajili ya magari yasiyo yake. Kwa hiyo alisimama nyuma ya gari jekundu, akawasha na kuzima taa, akasema kwenye kipaza sauti, "Ndugu, uko salama?"

"Mzee, unafanya nini?" yule wa Kampala akauliza.

"Oya mzee, toka barabarani!" mwingine akapiga kelele, nadhani wa Dar.

Elinami alikuwa bado anajibu ndipo magari matatu yakatokea juu ya kilima. La kwanza likampiga kwa nyuma, yeye akasukumwa akampiga wa Kampala, na skrini ikawa vumbi tupu. Usukani ukamtikisa mikono. Chumba kizima kikaangua kicheko, nami nikacheka pia, Mungu anisamehe.

Yeye alivua hedifoni taratibu. "Mtu amekwama," akasema, "na wote wanapita tu. Hamna hata mmoja."

Naserian akachuchumaa kando ya kiti chake. "Mzee wangu, yule alikuwa anatoka. Nyuma ya kilima hawakuoni. Pale ukisimama, wewe ndiye hatari. Msaada pale ni kumwondokea njiani."

"Msaada wa kumpita mtu!" Elinami akasema. "Sijawahi kuusikia." Akachukua kofia yake akatoka. Naserian akafuta ubaoni zile alama mbili za mashindano aliyomaliza, maana sheria ni sheria hata kwa mzee.

Kesho yake baada ya ibada nilikuta gari la kijani linaunguruma uani. Elinami alikuwa nyuma ya usukani amevaa suti ya kanisani.

"Nakwenda kwa mama," akasema. "Ingia au baki."

Mvua ilikuwa inaanza. Nikaona ile njia inayobana kwenye migomba, Jumapili, watu wote wanatoka kanisani kwa miguu. Nikaenda nikasimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti.

"Toka, Mama Ephraimu."

"Sitoki."

"Mimi nimesimama kusaidia watu barabarani maisha yangu yote! Hakuna mtu niliyempita!"

Nilikuwa na hasira, na hofu, na lile neno nilikuwa nimelibana tangu siku ile. Likatoka.

"Anande ulimpita," nikasema.

Injini iliendelea kuunguruma. Sikumwona uso vizuri kwa sababu ya matone kwenye kioo. Kisha akazima. Alikaa ndani ya gari muda mrefu, nami nikakaa mvuani muda huohuo, maana na mimi nina ukaidi wangu wa Kibosho. Alipotoka alikuwa na ufunguo mkononi. Akautazama, akaurudisha mfukoni, tukaenda Nkoaranga kwa gari la abiria.

Nilijuta neno lile wiki nzima. Nilijua ni la kweli na bado nilijuta. Jumamosi saa nane nilikuwa nakata karatasi dukani nikasikia upande wa pili wa ukuta, "Shikamoo mzee," na sauti yake, "Marahaba. Tunaanza moja, siyo?"

Akaanza moja. Akamaliza wa kumi na tano. Wiki iliyofuata akamaliza wa kumi na tatu. Ya tatu sikwenda kutazama. Niliogopa kumtia mkosi, nikakaa dukani nikisikiliza ukuta. Ikafika saa tisa na kitu, nikasikia sauti ya Elinami, kubwa na tulivu, ile ya kuwaambia wageni wasishuke kwenye gari:

"Wenzangu mlio nyuma, baada ya kilima kuna gari limekwama upande wa kushoto. Kaeni kulia. Narudia, kaeni kulia. Na wewe uliyekwama, usitoke mpaka wapite wote. Mimi napita sasa."

Kisha makofi, na sauti ya Naserian ikihesabu nafasi. Alimaliza wa kumi na mbili. Hakugusa mtu.

Nilimsubiri aingie anacheka. Aliingia polepole, akaegemea kaunta, akangoja nimalizie mteja wa bahasha.

"Nimesajiliwa," akasema.

"Hongera, Baba Ephraimu!"

"Nimempita mtu leo. Nimemwona amekwama na nimempita." Alikuwa anatazama mashine ya fotokopi. "Na hakuumia, kwa sababu nimempita. Ningesimama ningemletea wengine wamgonge." "Nimekuwa nawaza wiki tatu hizi. Nilidhani dereva ni yule anayebaki barabarani. Yule binti aliniambia kitu cha kweli, ila tu mimi sikukitaka."

Akaingiza mkono mfukoni, akaweka ufunguo juu ya karatasi zangu. Ile pete yake ya ngozi ilikuwa imechakaa kwa jasho lake.

"Jifunze wewe," akasema. "Mimi nitakaa kushoto."

Nina miaka hamsini na mitatu. Nilikwenda chuo cha udereva pamoja na vijana walioniita mama, nikafeli kurudi nyuma mara mbili, nikapata leseni mara ya tatu. Mwalimu wa chuo alikuwa mpole. Mwalimu wa nyumbani ndiye aliyenichosha. Breki kabla ya kona! Usitazame boneti! Nikamwuliza kama anataka nikalete na hedifoni. Yeye Jumamosi ana ligi yake, siku hizi anamaliza wa tisa, wa kumi, na wanamwita Mzee Kilima kwa sababu ndiye anayewatangazia wenzake lililoko ng'ambo. Jumapili ananipa mimi, ananitesa mpaka Nkoaranga.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapanda kwa mama mkwe. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, njia imelainika. Elinami alikaa kiti cha kushoto, jicho lake zima likiwa upande wangu, linaikagua mikono yangu kwenye usukani. Upande wake wa dirisha haoni kitu. Tulipopita hospitali, pale panapobana, niliona kushoto kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, kimezama mtaroni kwa tairi la nyuma, kimejaa majani ya ng'ombe, na dada mmoja amesimama kando yake na jembe, tope mpaka magotini.

Mlimani siyo mahali pa dereva mpya kusimama. Injini huwa inanizimikia nikiondoka. Nikamwangalia yule dada. Nikamwangalia Elinami, ambaye hakuwa na habari yoyote. Nikatazama nyuma kwenye kioo, nikawasha indiketa, nikapita taratibu mpaka pale njia inapopanuka na anayetoka nyuma ataniona. Nikasimama. Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili.

"Mbona umesimama?" Elinami akauliza. "Imezimika?"

"Haijazimika. Kuna mtu amekwama, upande wako."

Akageuza shingo yote, mwili wote, mpaka jicho la kulia likafika dirishani. Aliangalia nyuma kwa muda, akakiona kirikuu, akamwona dada mwenye jembe, akaona na umbali niliouacha. Aliponigeukia tena lile jicho lilikuwa na maji, na lile lingine pia, lisiloona kitu.

"Washa taa zote, dereva," akasema, akafungua mlango akaenda kutoa kamba.